Pampu Inayojiwasha

Mwaka huu shirika letu la maji lilikuwa na mambo ya kujivunia, nami si mtu wa kukataa kilicho wazi. Mwaka jana mabomba ya mtaa wa Kabondo yalikuwa yakitoa upepo tu, watu wanateremka mtoni na bidoni zao, wanachota palepale wengine wanapoogea. Mwaka huu tulilaziwa mabomba mapya, tukajengewa vituo vya kuchotea, na tukaletewa pampu mpya ya kijani ambayo mkurugenzi wetu, Monsieur Léopold, aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mfanyakazi yeyote. Alikuwa akija kuipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe. Sisi wengine tulikaa pembeni na vumbi letu.

Sifa kubwa ya pampu hiyo ni kwamba inajiwasha. Maji yakipungua kwenye tangi kubwa lililoko juu mjini, inapata habari yenyewe na kuanza kuvuta. Tangi likijaa, inanyamaza. Siku mhandisi Mumbere alipotuonyesha, tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Mimi Ursule ndiye mwendesha mashine wa kituo hiki cha mtoni, na miaka yote nilikuwa nikipanda na kushuka ngazi kwenda kuwasha na kuzima. Magoti yangu yalifurahi sana.

Siku ya kuonyesha kazi ya mwaka ikafika. Wageni walitoka Kinshasa, na mkurugenzi alipanga kuwapeleka Kabondo, awasomee ripoti mbele ya watu wa mtaa, kisha mabomba yote mapya yafunguliwe kwa mkupuo. Mama yetu anakaa huko Kabondo, karibu kabisa na kituo kimoja. Mwezi ule kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani kwao, na mpangaji wake alikuwa amemzika mtoto. Kwa hiyo mkinisikia namcheka mkurugenzi, msidhani sikuyataka maji yale. Niliyataka kuliko yeye.

Asubuhi hiyohiyo mto ukatuletea Kongo ya sika. Ni yale magugu yenye maua ya zambarau yanayoelea kwa vipande vikubwa, mvua ikinyesha huko juu yanang'oka na kuteremka kwetu. Yakafika, yakazama kwenye mdomo wa bomba letu la kuvutia na kuziba krepini, lile chujio kubwa la chuma lililoko chini ya maji. Pampu ikaanza kulia vibaya na kupata moto. Kwa bahati tangi lilikuwa karibu kujaa, ikanyamaza yenyewe, nami nikampigia mkurugenzi simu.

"Ursule, siku zingine zote sawa," alisema. "Lakini leo, non. Leo hapana kabisa."

"Ambia mto, patron. Mimi sikuleta majani."

"Tangi iko na maji ya jana, itatosha mwanzo. Lakini kiisha? Maji ikufe mbele ya bageni? Ita mudogo yako azamie. Mbio mbio!"

Mdogo wangu ni Bavon. Sisi ni watu wa maporomoko, wavuvi, na tangu kituo kijengwe ni watu wetu wanaozamia kusafisha krepini. Shirika halina mzamiaji wake. Kila mwaka ripoti inataja mabomba, saruji, hata rangi ya ukuta, lakini huyo anayeshuka chini kwa pumzi yake mwenyewe hajawahi kutajwa. Hilo limenikera muda mrefu na linanikera hadi leo.

Kazi hiyo ina taratibu zake na hatuchezi nazo. Kamba ya mzamiaji haishikwi na mtu yeyote tu. Kwetu inashikwa na mtu wa tumbo moja naye. Watu wa nje wanafikiri ni mambo ya uchawi. Ni akili tu. Mtu wa tumbo moja hawezi kuacha kutazama maji eti kwa sababu simu imelia. Na huyo mshika kamba ndiye anayevaa ufunguo wa umeme shingoni, asije akatokea mjinga akawasha mashine mtu akiwa chini. Baba yetu aliuvaa alipomshikia kamba tonton, ndugu yake, nami nikaurithi.

Bavon alifika amekaa nyuma ya toleka, bado anatafuna lituma, ndizi za kuponda, kama anakuja harusini. Aliruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Huniita Yaya, kwa kuwa mimi ndiye dada yake mkubwa.

"Yaya, uko na sura ya mutu bamemuiba."

"Vua shati," nikamwambia. "Leo sina nguvu ya kucheka."

Mumbere alikuwa ameachwa pale kituoni atusaidie. Ni kijana wa Butembo, mpole, ana adabu, na anauogopa mto wetu kwa moyo wake wote. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vipya kwa ajili ya wageni na alikuwa akitembea mbali na ukingo ili visilowe. Yeye ndiye aliyempigia mkurugenzi na kumwomba mabomba yasifunguliwe mpaka tumwambie kwamba Bavon ametoka majini. Nilimsikia mkurugenzi akijibu kwa sauti kubwa kwamba hakuna shida, ripoti ni ndefu, tutamaliza kazi yeye hajafika katikati.

Nikafunga kabati la umeme, nikavaa ufunguo. Mumbere aliutazama kifuani pangu, akaitikia kwa kichwa. Yeye alidhani nimefunga kila kitu. Mimi nilidhani kwamba yeye, aliyeiunganisha mashine mpya kwa mikono yake, ameshaiwekea kizuizi chake. Ufunguo ule ulikuwa wa pampu ya zamani. Ile ya kijani ilikuwa na kabati lake jipya, na hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa. Tuliuamini ufunguo kwa sababu siku zote ulikuwa ukiaminika.

Bavon akashuka. Nikailegeza kamba taratibu, nikisikia kila anachofanya kupitia viganja vyangu. Alipanda na mizizi mirefu myeusi imemzunguka shingo, akaitupa, akavuta pumzi, akashuka tena. Ilikuwa kazi nzuri ikienda vizuri. Upande wa Kabondo mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi.

"Mvua itabanyeshea bageni," alisema Mumbere.

"Wacha ibanyeshee. Bajue maji iko namna gani."

Bavon akapanda tena, midomo imeanza kupauka. Akajishikilia kwenye ukingo wa saruji.

"Bimebaki kidogo, Yaya. Kipande kimoja kimeingia kwenye bati ya krepini yenye ilipasuka. Minapaswa kuingiza mukono kabisa."

"Pumzika kwanza."

"Nikipumzika baridi itaniingia. Moja tu, kiisha minatoka."

Alinikonyeza jicho, akazama. Sikupenda ule mkonyezo. Tangu utoto akinikonyeza ujue anajikaza.

Hapo simu ya Mumbere ikalia. Nikasikia kelele za watu zikitoka kwenye simu, vigelegele, ngoma, na sauti ya mkurugenzi ikipiga kelele kwa furaha juu ya kelele zote. Mumbere akageuka kwangu, uso umebadilika.

"Mama Ursule, bamefungula. Anasema mvua inakuya, amekata ripoti. Bamefungula mabomba yote."

Nilikasirika, lakini sikuogopa. Nilifikiri: tangi lina maji ya jana, watachota hayo, sisi tutamaliza. Niliugusa ufunguo kifuani. Namwonea huruma yule mwanamke aliyesimama pale akigusa kipande cha chuma.

Sauti ilipoanza nilidhani ni lori linapita barabarani. Ikapanda, ikawa nene, na saruji chini ya miguu yangu ikatetemeka. Halafu kamba ikaruka mikononi mwangu na kunyooka kuelekea ukutani, kwenye mdomo wa bomba. Watu wa Kabondo walikuwa wamefungua mabomba yote kwa pamoja, tangi lilikuwa limeshuka, na pampu ya kijani ilikuwa imesikia yenyewe, kama tulivyoambiwa siku ile ya makofi.

"Mumbere! Nani amewasha?"

"Hakuna mutu! Inajiwasha!" Alikuwa ameshika kichwa. "Mama, si uko na ufunguo?"

Nilivuta kamba kidogo nikasikia uzito wa mdogo wangu, na nikasikia kwamba hauji. Mkono wake ulikuwa ndani. Ningevuta kwa nguvu ningemkata. Nisingevuta angekunywa mto. Na kabati lilikuwa juu, ngazi nzima, na kamba ilikuwa mikononi mwangu.

"Kuja shika," nikamwambia Mumbere.

"Mama Ursule, mimi si ndugu yake."

"Leo uko ndugu yake. Shika! Usivute, usiachilie. Shika tu."

Nikamwekea kamba viganjani na kukimbia. Ngazi zile nimezilalamikia miaka yote. Siku hiyo sikumbuki hata nilivyozipanda. Nilifika kwenye kabati jipya, nikabonyeza kitufe chekundu. Pampu ikanyamaza. Nikasema asante Bikira Maria. Sijamaliza kusema, taa ya kijani ikawaka tena na pampu ikaanza upya, kwa sababu huko Kabondo mabomba yalikuwa bado wazi na tangi lilikuwa bado linaita. Nikabonyeza tena. Ikanyamaza, ikaanza. Nilikuwa nikilia na kuitukana mashine kwa matusi ambayo mama hajui kama ninayajua.

Ukutani kuna mpini mkubwa unaokata umeme wa kituo chote. Haukuwa umeguswa muda mrefu na kutu ilikuwa imeushika. Nikaushika kwa mikono miwili, haukusogea. Nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote, na Mungu anajua sikuumbwa mwepesi. Ukashuka. Taa zote zikazimika, na kituo kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia mto.

Nilipofika chini Mumbere hakuwepo ukingoni. Alikuwa majini, maji yamemfika kifuani, amevaa viatu vyake vipya na shati lake la wageni, ameikumbatia kamba huku macho ameyafumba. Simu yake ilikuwa mfukoni, imekufa. Alikuwa anasali kwa Kinande, lugha ya kwao, bila kituo.

"Anavuta?" nikauliza.

"Alivuta mbele. Sasa hapana."

Kamba ilikuwa imelegea. Ikilegea, ama mtu anapanda, ama hakuna mtu anayeivuta tena. Nilipiga magoti kwenye saruji. Nilitaka kuita jina lake nikashindwa, niliogopa kwamba nikiliita na asijibu basi ndiyo itakuwa imekwisha. Majani yalielea. Ua moja la zambarau lilizunguka polepole mbele yangu, na nililichukia vibaya sana.

Majani yakagawanyika na kichwa kikatoka. Alikohoa, akatapika maji, akakohoa tena. Mumbere alimfikia kwanza, akamsukuma kwangu, nikamkamata chini ya makwapa na kumvuta juu ya saruji kama tulivyokuwa tukivuta samaki wakubwa. Nilikuwa nacheka. Nilimbusu kichwani, nikampiga kofi, nikambusu tena. Ndipo nikaona damu kwenye nguo yangu na kuutafuta mkono wake wa kulia.

Kidole cha mwisho hakikuwepo. Na cha jirani yake hakikuwepo.

Nilivua kitenge cha juu nikaufunga mkono huo, nikakaza mpaka akapiga kelele. Bavon alikuwa anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Bati ilinikamata," alisema. "Wakati mashine ilisimama kidogo nilivuta. Kiisha ikaanza tena. Nikavuta sana."

Ni kile kitufe chekundu nilichokuwa nikikibonyeza. Nikakaza kitenge tena.

Mumbere alikimbia nje, viatu vimejaa maji, kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Simu yangu, niliyokuwa nimeiacha juu ya ukuta, ikaanza kulia.

"Ursule! Maji imekufa!" Mkurugenzi alikuwa ananong'ona, nikajua wageni wako karibu naye. "Imetoka kidogo, imekufa. Batu banaanza kupiga kelele na mabidoni yao. Washa, tafazali. Washa!"

"Bavon alikuwa chini."

"Ametoka?"

"Ametoka. Na vidole mbili zimebaki mule."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake wanawake wakigombana foleni. Kwa kweli alikuwa na huzuni, lazima niseme. "Oh, mon Dieu," alisema. Halafu akasema, polepole, "Lakini crépine... iko propre? Iko safi?"

Nikakata simu. Niliapa hapohapo kwamba leo mashine haiwaki, hata aje gavana mwenyewe kunipigia magoti. Nilimwambia Bavon hivyo. Nilimwambia kwamba wageni wapande ndege yao na kiu, mkurugenzi aandike anachotaka kwenye ripoti yake, mimi mkono wangu hauigusi pampu ile.

Bavon alikuwa ameegemea ukuta, anatetemeka, meno yanagongana.

"Juu ya nini usiwashe?"

"Bavon, unanisikia? Vidole yako iko mule ndani."

"Minajua fasi iko. Ni mimi niliacha." Akafumba macho, akafumbua. "Majani yote nilitoa, Yaya. Hata kile kipande cha mwisho. Kazi imeisha. Sasa kama hauwashe, batu ba Kabondo banarudi mutoni leo hii. Mama anarudi mutoni. Na vidole yangu imeenda bure. Unataka iende bure?"

Nikainuka, nikaelekea kwenye ngazi. Najua jinsi maji yanavyosafishwa. Nimefanya kazi hapa muda wa kutosha. Yanatuama kwenye mabwawa, yanapita kwenye mchanga, yanatiwa dawa, ndipo yanapanda kwenye tangi. Linalofika kwa mtu ni maji tu. Nilijisemea hayo yote nikipanda ngazi. Miguu ilipanda, lakini moyo ulikuwa unakataa kila hatua.

Kwanza nilichungulia dirishani kuhakikisha hakuna mtu majini. Mumbere alikuwa amerudi na amemkumbatia Bavon ili apate joto. Nikaizungusha swichi ya kabati jipya kutoka kwenye kujiwasha hadi kwenye mkono, ili mashine ile isiniamulie tena kitu maishani mwangu. Nikapandisha mpini wa umeme. Kisha nikakiweka kidole changu kwenye kitufe, kidole kizima, nikakitazama, nikabonyeza.

Pampu ikawaka. Haikulia vibaya, haikupata moto. Ilivuta kwa sauti nzuri, laini, sauti ya krepini iliyosafishwa vizuri na mtu anayeijua kazi yake.

Ilichukua muda maji kufika. Pikipiki ilikuwa imeshasimama mlangoni na tulikuwa tunampakia Bavon katikati ya dereva na Mumbere, simu ilipolia tena. Nilitaka kuitupa mtoni. Lakini haikuwa sauti ya mkurugenzi. Alikuwa amempa mtu simu yake, na mtu huyo alikuwa anapiga kelele kama wanavyofanya watu wa umri wake, wanaodhani simu ni bomba refu.

"Ursule! Ni mimi! Maji iko inatoka, ee! Inatoka na nguvu!"

"Minasikia, mama."

"Bageni baliniita niwe wa kwanza. Balinipa kopo, mbele ya batu yote. Nimekunywa yote, mwanangu. Iko baridi, iko tamu, haina arufu hata kidogo. Bavon iko hapo? Banasema ni yeye alisafisha. Nipe yeye."

Nilimtazama mdogo wangu. Aliusogeza mkono wa kushoto, akaichukua simu kutoka kwangu kabla sijaamua kumpa, akaibana sikioni. Mkono wa kulia alikuwa ameulaza mapajani, kitenge changu kimeshalowa.

"Eh, mama," alisema, na nyie, alikuwa anacheka. "Hapana, hakuna kitu, ni baridi tu... Kunywa, mama. Ongeza ingine. Kunywa mpaka ushibe."

Nikazunguka nyuma ya nyumba ya pampu, nikashika ukuta, nikatapika.